Kelesheni, metali nzito na moyo: maswali tunayoulizwa kila mara

Mimi ni mfamasia, na maswali haya yote yamepita dirishani kwangu. Anayeuliza huwa amebeba karatasi ya bei ya "dripu za kusafisha mishipa", au amepigiwa simu na ndugu aliye Ulaya aliyesikia habari zake, au ni mchimbaji mdogo ambaye mikono imeanza kumtetemeka. Jibu la mmoja silo la mwingine, ndiyo maana nimeamua kuyaandika kwa kirefu.

Kelesheni ni nini hasa?

Ni tiba ya kumpa mtu dawa inayokamata metali ndani ya mwili na kuitoa, mara nyingi kwa njia ya mkojo. Jina lake lina asili ya neno la Kigiriki lenye maana ya gando, na gando ni mfano unaofaa sana. Dawa huibana metali pande zote kama kaa anavyobana kidole, ikakosa pa kujishikiza kwenye seli, na figo zikaitoa nje.

Dawa ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa Oxford, Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wanasayansi walikuwa wakitafuta kinga dhidi ya lewisaiti, silaha ya sumu yenye aseniki. Dawa hiyo, BAL, inatumika hadi leo. Huchanganywa na mafuta ya karanga na kuchomwa ndani kabisa ya msuli, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga lazima aseme mapema.

Baadaye zikaja nyingine. EDTA hutolewa kwa dripu, hasa kwa sumu ya risasi, yaani ile metali ya lead. DMSA ni kapsuli za kumeza, nazo zinanuka kama yai viza. Penisilamini ni ya watu ambao miili yao hurundika shaba, na deferoksamini na deferasiroksi ni za chuma kilichozidi. Hakuna gando moja linalobana kila kitu. Ukiambiwa kuna dripu moja "inayotoa sumu zote", hapo pekee panatosha kukufanya uulize zaidi.

Sumu hizi tunazipata wapi huku kwetu?

Wengi hudhani ni mambo ya viwanda vya mbali. Risasi ipo kwenye betri za magari zinazovunjwa na kuyeyushwa uani, kwenye rangi za zamani zinazobanduka ukutani, na kwenye baadhi ya masufuria yanayosubiwa kwa vyuma chakavu. Ipo pia katika wanja wa manga wa asili, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe la risasi lililosagwa, na bado kuna wanaowapaka watoto wachanga. Udongo wanaokula wajawazito, huku Tanzania tukiuita pemba na Kenya odowa, nao umepimwa mara kadhaa na kukutwa na risasi na aseniki. Katika petroli risasi imekwisha. Nchi ya mwisho duniani kuiuza ilikuwa Algeria, iliyoacha mwaka 2021.

Zebaki ni habari ya Geita, Chunya, Migori na kila penye mwalo wa dhahabu. Mchanga uliosagwa kwenye karasha huchanganywa na zebaki, kisha kile kidonge kinachopatikana huchomwa ili ibaki dhahabu. Mvuke huo ndio unaoua polepole, na mara nyingi huchomewa palepale jikoni, watoto wakiwa wamekaa kando. Zebaki imo pia katika baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua, zile za mkorogo.

Mombasa wanaijua risasi kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichomwaga moshi na maji machafu kwa miaka, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kukifanyia kazi, aligundua risasi katika damu ya mwanawe mchanga, akaanzisha mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Nalitaja hili kwa sababu watu wa pale walikuwa na sumu halisi, iliyopimwa kwenye damu, na wao ndio waliostahili kuitwa wagonjwa wa kelesheni kabla ya mtu yeyote mwenye afya yake anayetaka "kusafishwa".

Nitajuaje kama ninayo? Dalili ni zipi?

Dalili peke yake hazitoshi. Risasi huleta msokoto wa tumbo, kukosa choo, upungufu wa damu, uchovu, na kwa mtoto kuchelewa kujifunza. Ikizidi sana, degedege. Mvuke wa zebaki huleta mtetemeko wa mikono, hasira na kukosa usingizi. Lakini msokoto wa tumbo ni minyoo pia, na uchovu ni mambo mia. Jambo la kwanza daktari anapaswa kukuuliza ni kazi unayofanya, kazi wanayofanya walio nyumbani kwako, unachokula na unachojipaka.

Kipimo gani ni cha kuaminika?

Kwa risasi ni damu ya mshipani. Kwa mvuke wa zebaki ni mkojo. Kwa zebaki inayotokana na samaki wakubwa kama papa na nduaro ni damu. Kwa aseniki ni mkojo, na hapa watu wa pwani wasikilize vizuri: usile samaki, kamba wala pweza kwa siku kadhaa kabla ya kupima. Viumbe wa baharini wana aina ya aseniki isiyodhuru, ila kipimo cha jumla hakiitofautishi na ile mbaya, na majibu yatakutisha bure.

Kuna mchezo mmoja ambao ningependa kila msomaji aujue. Unapewa kwanza kidonge au dripu ya kelesheni, kisha unakojoa kwenye kopo, mkojo unapelekwa maabara, na karatasi inarudi na mistari myekundu: risasi juu, zebaki juu. Bila shaka iko juu! Kila mtu duniani ana chembe za metali hizi mwilini, na umepewa dawa ya kuzitoa. Majibu hayo yanalinganishwa na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa yoyote. Chuo cha madaktari wa sumu cha Marekani kilitamka mwaka 2009 kwamba njia hiyo haifai kutumika kutambua sumu. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, omba kipimo cha kawaida cha damu kabla ya kulipa senti. Kupima nywele nako si msingi wa kuanzia tiba.

Tiba hutolewa sumu ikifika kiwango gani?

Kwa risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtu akiwa na mikrogramu 5 kwa desilita ya damu au zaidi, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dawa yenyewe, kwa watoto wa hadi miaka 10, inapendekezwa kuanzia 45. Kati ya 5 na 45 kuna nafasi pana sana, na katika nafasi hiyo kazi kubwa ni usafi, chakula na kuhama kwenye chanzo. Mtoto aliyepungukiwa chuma na kalsiamu hunyonya risasi nyingi zaidi, kwa hiyo dagaa, maharagwe na maziwa ni sehemu ya matibabu kabisa.

Mfano mkubwa zaidi tulio nao barani ni Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 ilibainika kwamba watoto walikuwa wakifa vijijini ambako wazazi walisaga mawe ya dhahabu yenye risasi ndani ya maboma yao. Waliokufa walizidi 400. Madaktari Wasio na Mipaka wakaingia na DMSA na kuwatibu watoto kwa maelfu. Hata hivyo walikuwa na sharti gumu: kijiji kisafishwe kwanza, udongo uondolewe, ndipo dawa ianze. Kijiji cha Bagega kilisubiri hadi mwaka 2013. Sharti hilo linaonekana la kikatili mpaka uelewe sababu yake. Ukimtoa mtoto risasi leo na kumrudisha kwenye vumbi lilelile jioni, umeongeza tu safari za sumu kupita kwenye figo zake.

Hata baada ya kusafisha, damu hupanda tena. Risasi hukaa kwenye damu takriban mwezi mmoja, lakini ndani ya mifupa hukaa kwa miongo. Dawa ikiisafisha damu, mfupa unaachia nyingine. Ndiyo sababu tiba halali hurudiwa kwa awamu, na kipimo hufanywa baada ya kila awamu.

Baba alipata mshtuko wa moyo. Kliniki inasema dripu za EDTA zitayeyusha mafuta yaliyoziba. Ni kweli?

Hapana, mwanangu, na nitakueleza wazo hili lilikotoka ili umweleze baba bila kumdhalilisha.

Katika miaka ya 1950, daktari Norman Clarke wa Detroit aliwatibu kwa EDTA wafanyakazi wa kiwanda cha betri waliokuwa na sumu ya risasi. Baadhi waliokuwa na maumivu ya kifua walisema wamepata nafuu. EDTA inapenda kalsiamu, na uchafu unaoziba mishipa una kalsiamu ndani yake. Basi ikaonekana kama hesabu rahisi: toa kalsiamu, mshipa ufunguke.

Kinachoziba mshipa wa moyo si kama chokaa ya birika. Ni mafuta, kovu, seli za uvimbe na kalsiamu, vyote vimejengwa ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa. EDTA inayopita kwenye damu hukutana kwanza na kalsiamu ya damu, ile inayoendesha mapigo ya moyo, nayo mifupa huachia nyingine kufidia. Umewahi kutolewa damu ya kipimo cha FBP, kile cha kuhesabu chembe za damu? Kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina EDTA ndani. Huwekwa ili ikamate kalsiamu na damu isigande. Nikimwonyesha mtu kichupa hicho huwa anaelewa upesi kwamba dawa hii si ya kuchezea.

Lakini si kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulioonyesha inasaidia?

Upo, na anayekwambia haupo anakudanganya sawa na anayekuuzia dripu. Unaitwa TACT, uliongozwa na Gervasio Lamas wa Miami Beach, na matokeo yake yalitoka mwaka 2013. Wagonjwa 1,708 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ambao wote walishawahi kupata mshtuko wa moyo, waligawanywa. Kundi moja likapewa dripu 40 za EDTA, jingine dripu 40 zisizo na dawa. Waliopatwa na tukio baya (kifo, mshtuko mwingine, kiharusi, kuzibuliwa mshipa au kulazwa kwa maumivu ya kifua) walikuwa asilimia 26 kwenye dawa na asilimia 30 bila dawa. Tofauti ilikuwa ndogo, ya kuvuka mstari kwa unywele. Kwa wenye kisukari ilikuwa kubwa zaidi: 25 dhidi ya 38.

Madaktari wa moyo walishangaa. Wachache walifurahi na wengi walitilia shaka. Watafiti wenyewe wakafanya jambo la kiungwana: hawakukimbilia kuuza, walirudia. TACT2 ilichukua watu wenye kisukari tu waliowahi kupata mshtuko wa moyo, yaani kundi lililoonekana kufaidika kuliko wote. Matokeo yalichapishwa Agosti 2024. Kati ya watu 959, waliopatwa na tukio baya walikuwa asilimia 35.6 kwenye EDTA na asilimia 35.7 kwenye dripu tupu.

Dawa ilifanya kazi yake ya kukamata: risasi katika damu ilishuka kwa asilimia 61. Moyo haukufaidika.

Mtu akikuonyesha karatasi ya 2013, muulize ya 2024 iko wapi.

Kama risasi inaharibu mishipa, kwa nini kuitoa kusisaidie?

Hili ndilo swali bora kuliko yote ninayoulizwa. Ni kweli risasi, kadimi na aseniki huchangia presha na maradhi ya moyo, na Shirika la Moyo la Marekani lilitoa tamko kuhusu hilo mwaka 2023. Jibu langu, na hapa natoa maoni, ni kwamba jeraha la miaka 40 halifutiki kwa kumwondoa aliyejeruhi. Wale wa TACT2 walikuwa na risasi kidogo sana tangu mwanzo, chini ya mikrogramu 1 kwa desilita, huku mishipa yao ikiwa imeshaharibiwa na sukari, sigara na presha. Mwenye kutaka kuokoa mioyo kutokana na risasi aanze na betri zinazoyeyushwa mtaani na rangi za madarasa, mtoto akiwa bado na miaka 3.

Je, kuna moyo wowote unaookolewa na kelesheni?

Ndiyo, na nasikitika kwamba habari hii haijulikani kama ile ya uongo. Ni moyo wa mtu anayeongezewa damu mara kwa mara.

Chupa moja ya damu huja na takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili wa binadamu hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi. Mtoto mwenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanaufahamu vizuri, huongezewa damu kila wiki chache. Chuma hujaa kwenye ini, tezi, na hatimaye kwenye msuli wa moyo. Kabla ya dawa hizi, vijana hao walikufa kwa moyo kushindwa kazi wakiwa bado wadogo.

Deferoksamini ndiyo iliyobadilisha maisha yao, japo kwa taabu: sindano chini ya ngozi inayoendeshwa na pampu ndogo kwa saa 8 hadi 12, usiku baada ya usiku. Vidonge kama deferasiroksi vilikuja baadaye. Kwetu Tanzania, ambako maelfu ya watoto huzaliwa na selimundu kila mwaka, jambo hili linawahusu wale walio kwenye ratiba ya kuongezewa damu, kwa mfano baada ya kiharusi. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo aulize kliniki ya selimundu kuhusu kipimo cha feritini, kinachoonyesha chuma kilichorundikana mwilini. Aliyeongezewa damu mara moja au mbili maishani hahitaji dawa hizi.

Madhara yake ni yapi?

Figo kwanza, hasa kwa EDTA inayoendeshwa haraka au kwa dozi kubwa. Zinki na shaba ambazo mwili unazihitaji hutoka pamoja na sumu. BAL hupandisha presha na kuleta kichefuchefu. DMSA huleta vipele na kuvuruga vimeng'enya vya ini.

Hatari kubwa kupita zote, hata hivyo, imo kwenye lebo. Kuna EDTA mbili. Moja ni EDTA ya kalsiamu na sodiamu, ambayo imekwisha kupewa kalsiamu yake, hivyo haipori ya mgonjwa. Hiyo ndiyo ya kutibu risasi. Nyingine ni EDTA ya sodiamu peke yake, isiyo na kalsiamu, na inaweza kuishusha kalsiamu ya damu ghafla: ganzi mdomoni na vidoleni, misuli kukaza, degedege, moyo kusimama. Majina yanafanana mno. Nchini Marekani, kati ya 2003 na 2005, watu watatu walikufa hivyo, wawili wakiwa watoto. Mtoto mmoja alikuwa na miaka 5 na alipewa dripu kwa ajili ya usonji.

Kwa hiyo kelesheni haitibu usonji?

Haitibu. Mtoto mwenye usonji anayekula udongo au rangi apimwe risasi kama mtoto mwingine yeyote, na akikutwa nayo atibiwe risasi.

Vipi giligilani, mwani, vibandika vya miguu na "chai ya kutoa sumu"?

Giligilani weka kwenye mchuzi. Vibandika vile hugeuka vyeusi hata ukivinyunyizia maji matupu. Tangu 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikiwaonya wauzaji wa "vidonge vya kelesheni" vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Baadhi ya dawa za asili zenyewe zimekutwa na risasi na zebaki, na hilo linaniuma zaidi kuliko pesa iliyopotea.

Nina mimba na nimekuwa nikila pemba. Nimeze DMSA?

Usimeze chochote kwa kujiamulia, dada. Acha udongo leo, mwambie mkunga ukweli bila aibu, na pimwa damu ya kawaida pia, kwa sababu hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Kama risasi ni mikrogramu 5 au zaidi na chakula chako hakina kalsiamu ya kutosha, Shirika la Afya Duniani linapendekeza upewe vidonge vya kalsiamu. Dawa ya kelesheni wakati wa mimba ni uamuzi wa daktari bingwa, kwa sumu iliyo juu kweli.

Nimeshaanza dripu za moyo, nimefika ya 14. Nikiacha ghafla nitadhurika?

Hutadhurika. Si dawa inayohitaji kupunguzwa polepole. Ila kuna mambo yasiyongoja.

Mzee mmoja alikuja kwangu akiwa na risiti za dripu 14 mfukoni. Alikuwa ameacha aspirini, statini na vidonge vya presha, kwa sababu pesa haikutosha vyote, na mahali alipokuwa akitibiwa walimwambia mishipa ikishasafika hatavihitaji. Presha yake siku hiyo ilinitia hofu mimi mwenyewe. Katika tafiti zote mbili nilizozitaja, wagonjwa waliendelea kupewa dawa zao za kawaida za moyo. Kwa hiyo rudi kwenye dawa zako leo, na umwone daktari wako wiki hii. Omba upimwe figo na kalsiamu. Ukihisi ganzi kuzunguka mdomo, vidole kukakamaa au mapigo kwenda ovyo, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kliniki ifunguliwe. Na kama chupa ya dripu ya mwisho bado ipo, piga picha ya lebo yake, nenda nayo, ili daktari aone ilikuwa EDTA ipi.